Mkunjo wa Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemaliza miaka mia saba kabla ya chakula cha mchana. Peke yangu! Nimezika wafalme, nimevuka bahari, nimepindua serikali tatu, na bado nikapata nafasi ya kumtania Tisa. Kama kuna kichwa kingine cha aina hii mjini, kijitokeze tupimane.

Kazi yenyewe ni kujalidi kitabu cha historia ya dunia, toka enzi za kati hadi enzi zetu. Nakala mia sita. Karatasi zinatoka kwa mchapaji kubwa kama shuka, zinakunjwa na kukunjwa tena mpaka kila moja inakuwa mkunjo wa kurasa kumi na sita. Mikunjo kumi na miwili, kitabu. Mimi nazunguka meza nikiokota mmoja mmoja kwa mpangilio. Mzee Gundi, bosi wetu, anashona na kupaka. Tisa anakata kingo kwa mashine. Anaitwa Tisa kwa idadi ya vidole. Cha kumi, anasema, kilikwenda na kamusi.

Mzunguko mmoja wa meza — miaka mia saba. Kufikia jioni nilikuwa nawasimulia kina Napoleoni kama jirani zangu. Mzee Gundi akaniambia nipunguze mdomo niongeze mikono.

Jumatano, 5 Machi

Nimemtengenezea dada kitabu!

Dada anapiga deki hospitalini, wodi ya mwisho, ile ambayo wagonjwa wake hawaulizwi watarudi lini nyumbani. Shemeji alifia humo humo. Wiki iliyofuata dada alikuwa na ndoo chini ya kitanda kile kile. Anataka kuwa muuguzi. Cheti kinadai masomo matano: manne amefaulu, historia imemshinda mara mbili. Chuo hakipokei mtu aliyepita miaka thelathini na mitano, naye anaitimiza mwaka huu. Mtihani una sehemu mbili, ya kwanza ni Alhamisi ya wiki ijayo. Akianguka, ni ndoo mpaka uzeeni.

Basi, mchapaji huleta karatasi za ziada, za kufidia zinazoharibika. Zinazobaki Tisa huzikata vipande huku Mzee Gundi amesimama, asije mtu akatoa nakala za uchochoroni. Aliyewahi kugusa za ziada alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi nimegusa. Nimeshona na kukata kingo kwa kisu wakati wa mapumziko, mbio mbio, jicho moja mlangoni. Nimetoka nacho ndani ya shati, nimebana tumbo kama mwenye vidonda.

Dada alikinusa kwanza. Gundi bado mbichi. Akasema kina harufu nzuri kuliko kazini kwake. Akaniuliza kama nimekisoma. Chote, nikamwambia. Akanitazama kama anayenipima homa.

Ijumaa, 7 Machi

Dada amefika kwenye tauni. Theluthi ya watu, kitabu kinasema, pengine zaidi. Walizikwa kwa tabaka, mmoja juu ya mwingine. Akauliza nani alikuwa anasafisha walipofia. Nikasema mfalme mwenyewe, na taji lake. Hakucheka. Alisema lazima kulikuwa na mtu na ndoo, ila hakuandikwa.

Wamekufa wawili leo wodini kwake. Amekula kidogo, akarudi kwenye kitabu.

Jumapili, 9 Machi

Balaa.

Dada amesoma mfululizo tangu asubuhi — mapinduzi, viwanda, makoloni. Akafika mwisho wa mkunjo wa saba, akafunua, akakuta mkunjo wa saba tena. Akadhani ni macho yake. Akaniita. Nikahesabu alama nyeusi mgongoni mwa kitabu, moja kwa kila mkunjo, zile zinazoshuka kama ngazi. Saba, saba, tisa. Mkunjo wa nane haupo. Kutoka vita vya kwanza vya dunia mpaka mlango wa vita vya pili — hakuna kitu! Nimeokota wa saba mara mbili kwa ile haraka yangu.

Nikamwambia asijali, ni kurasa kumi na sita tu, nazijua kama kiganja changu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewahi kazini kabla ya wote kutafuta za ziada. Zilikatwa Jumamosi. Ziko kwenye gunia, vipande vyembamba kama tambi. Vitabu vyote vimekwenda kwa mteja. Imebaki nakala moja ya kumbukumbu kabatini kwa Mzee Gundi, maana kila kazi huweka nakala. Kumwomba ni kuulizwa ya nini. Kuulizwa ya nini ni kufukuzwa.

Nilimweleza Tisa nusu yake, na kwamba nitamfundisha dada mwenyewe. Akacheka mpaka akashika meza. Alisema mimi wa kumfundisha nani, wakati mkunjo haujakatwa kingo na mwokotaji huona ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, zile za ndani zimefumbana. Kwamba nimesoma dunia kwa kuchungulia dirishani. Ana wivu huyu. Vidole tisa, akili saba.

Jioni dada akasema kesho atamwomba msimamizi wa wodi, maana yeye alifanya mtihani huu na kitabu hiki anacho, cha toleo la zamani. Nikamwambia atajiaibisha. Msimamizi atamwona hajui kitu, na maneno yatafika chuoni. Mwalimu si unaye ndani ya nyumba?

Akafunga kitabu. Kisha akasema haya basi.

Jumanne, 11 Machi

Nimefundisha saa mbili nzima! Dada mezani na daftari, mimi nimesimama, mikono nyuma, sauti nzito. Vita vilianza kwa risasi, mrithi wa ufalme akauawa barabarani — hilo liko ukurasa wa kwanza, nalijua vizuri. Katikati nikaweka mahandaki, matope, panya, vifo vingi. Vita ni vita. Mwisho, amani. Nikamweleza ile picha ya ukurasa wa mwisho wa mkunjo: wanaume wa makoti wanashikana mikono na kutabasamu, na chini yake neno amani. Ndio mkataba wenyewe wa elfu moja mia tisa kumi na tisa, nikasema. Walioshindwa wakasamehewa, wakarudishiwa ardhi yao, kila mtu akaenda kwake.

Dada akaweka kalamu chini.

"Kama walisameheana, mbona baada ya miaka ishirini wanapigana tena?"

Nikamjibu kwamba binadamu hana shukrani.

Akaokota kalamu, akaandika hilo nalo. Akauliza tena kama nina hakika, maana hapo ndipo alipoangukia mara mbili zilizopita. Nikamwapia kwa mama yetu.

Alhamisi, 13 Machi

Mtihani wa kwanza umepita. Dada alirudi anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Swali lenye alama nyingi kuliko yote: eleza nchi iliyoshindwa ilivyotendewa katika mkataba wa 1919. Ameandika kurasa tatu! Anasema wenzake walikuwa wanauma kalamu, yeye mkono haukusimama. Hata lile la shukrani ameliweka, akalifanya hitimisho.

Alimweleza jirani yetu, mshonaji, kwamba mdogo wake ndiye aliyemfundisha. Akanishika kichwa mbele yake kama zamani nikiwa mdogo. Amecheka leo. Sijamsikia akicheka tangu shemeji afe.

Mtihani wa pili ni Jumatatu. Mwalimu mkuu wa dunia, yaani mimi, leo analala na viatu.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jana mteja mwingine alikuja akitaka jalada la rangi kama ya kitabu cha historia. Mzee Gundi akanituma kabatini nilete nakala ya kumbukumbu. Kabati halikufungwa. Mteja alipoondoka nikabaki nacho mkononi, nikafungua mkunjo wa nane. Huu umekatwa, kurasa zinaachana.

Hawakusameheana. Nchi iliyoshindwa ilibebeshwa lawama zote. Ikatozwa fidia isiyolipika, ikanyang'anywa ardhi, jeshi lake likapunguzwa likawa kama walinzi wa geti. Kurasa nne nzima zinasema hivyo, na jinsi hasira ile ilivyochacha. Na ile picha yangu si ya mkataba kabisa. Ni ya miaka kumi na tisa baadaye. Hao wenye makoti walikuwa wanapeana mikono juu ya ardhi ya watu wengine, na hata mwaka haukutimia kabla vita havijaanza tena.

Nimesoma nimesimama. Mwisho nikakaa juu ya rimu za karatasi. Mzee Gundi akaja. Nikasubiri anitimue. Alisema nimechelewa sana kupenda kitabu, lakini afadhali. Akasema nikichukue mpaka Jumatatu, nisikichafue.

Hivyo tu.

Tisa alikuwa anafuta mashine. Aliona uso wangu. Mara ya kwanza hakunitania.

Sasa kitabu kiko chini ya godoro langu. Dada yuko chumba cha mbele. Leo ameomba ruhusa kazini, amefuta meza, ameweka kalamu mbili. Mtihani wa pili una swali la lazima la sababu za vita vya pili. Sababu zote ziko kwenye mkunjo wa nane. Nikimpa kitabu, atalisoma kwanza lile la mkataba, maana analionea fahari, na atajua amekwisha anguka. Jumatatu ataingia chumba cha mtihani na nini? Nisipompa, nitakwenda kumfundisha nini mimi?

Ameita mara mbili.

"Mwalimu, njoo basi, chai inapoa."

Hana mzaha katika neno hilo. Ndilo linaloniua.

Acha niandike angalau humu. Humu pia nimeandika kwamba nimekisoma chote. Uongo. Sikukisoma. Mikunjo kumi na miwili, kurasa mbili mbili, na picha. Mkunjo wa nane sikuwahi kuufungua hata siku moja. Na kitabu kizima kilikuwa wodini kwake, kwa msimamizi, siku tatu kabla ya mtihani. Alikuwa tayari kwenda kukiomba. Mimi ndiye niliyemzuia.