Mvua ya Pwani na Chumba cha Pumwani

Jumatano, Mei.

Hapa Pumwani hakujanyesha tangu Jumapili, lakini baridi imeshaanza kushuka. Mabati ya uani yalikuwa bado yana umande nilipotoka kwenda kazini. Moyo wangu mzito. Naandika ili nisijidanganye.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Bwana Mutiso na wenzake hutazama ramani zao na kuandika utabiri wa hali ya hewa kwa Kiingereza. Mimi nauweka kwa Kiswahili, naupiga chapa, kisha unapelekwa redioni. Mwaka wa sita huu. Nimeandika jua na mvua za watu wengine mpaka vidole vinakwenda vyenyewe.

Leo asubuhi vilisimama.

Karatasi ilisema mvua kubwa inatarajiwa Pwani yote, kutoka Lamu hadi Vanga, kuanzia kesho alasiri hadi katikati ya wiki ijayo. Mito huenda ikafurika. Baadhi ya barabara huenda zisipitike. Wenye safari zisizo za lazima waziahirishe.

Keshokutwa, Ijumaa, mke wangu Mwanasha anapanda basi kutoka Mambrui na mtoto mkononi, anarudi Nairobi. Ana mto Sabaki wa kuvuka kabla hajafika hata Malindi, halafu kivuko cha Kilifi, halafu Mombasa, ndipo apande gari la moshi. Alikwenda kwao kujifungua. Binti yetu Rehema ana miezi minne na mimi sijamwona.

Sijamwona kwa sababu mimi mwenyewe nimewazuia wasije.

Arobaini ilipokwisha, Mwanasha alitaka kurudi. Nikamwandikia kwamba chumba kinapakwa rangi. Hakikuwa kinapakwa rangi. Mwezi uliofuata nikamwandikia kwamba nimepewa kazi nyingi na sina nafasi ya kuwapokea. Huo nao ulikuwa uongo. Barua yake ya mwisho ina mistari miwili tu: anaondoka Ijumaa, Jumamosi asubuhi atakuwa stesheni, nimpokee au nisimpokee.

Na sasa, kwa mara ya kwanza, nina sababu ya kweli. Inafanana kabisa na uongo.

Nilimwuliza Bwana Mutiso kama ana hakika na mvua hii. Akavua miwani, akanitazama.

"Athumani, naiona inakuja tangu juzi. Una mtu huko?"

Nikamweleza.

"Basi usiandike barua," akasema. "Piga simu. Nenda sasa hivi."

Nilikwenda posta. Kule Mambrui simu iliyo karibu na kwa mama mkwe ni ya dukani kwa Mzee Sharifu. Nilimwomba amwite Mwanasha, nikakata, nikakaa kwenye benchi kama nusu saa nikitazama miguu ya watu, kisha nikapiga tena.

"Nani amekufa?" Ndilo neno lake la kwanza.

"Hakuna aliyekufa. Nakuomba usisafiri Ijumaa. Kuna mvua kubwa inakuja."

Nilisikia mtu akipima kitu dukani, na sauti ya mtoto mchanga ikinung'unika. Sikujua kama ni wangu.

"Huku jua linawaka," akasema.

"Najua. Itaanza kesho alasiri. Mto utajaa."

"Mara ya kwanza ilikuwa rangi. Mara ya pili kazi. Leo mvua." Hakupandisha sauti. "Kama una mwanamke humo ndani, niambie tu. Nitakaa kwa mama yangu. Sitakusumbua."

Sauti ya mhudumu wa simu wa posta ikaingia katikati: dakika tatu zimekwisha, je, naongeza? Nikaongeza.

Ningeweza kumwapia kwamba mvua inakuja. Ningeweza kumsomea karatasi nzima. Lakini niliona kwamba asiponiamini kuhusu chumba hataniamini kuhusu mto, na atapanda lile basi.

"Hakuna mwanamke," nikasema. "Nakiogopa chumba. Kila nikimfikiria Rehema amelala pale, namwona Saumu."

Saumu alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alifariki Julai ya mwaka juzi kwa kichomi, akiwa na miezi mitano, kwenye kitanda ambacho nalalia mpaka leo. Ukuta wa upande ule hunyonya maji na baridi haitoki. Tangu tulipomzika, mimi na mamake hatukuwahi kulitaja jina lake. Majirani nao waliacha kutuita kwa jina hilo, kwa huruma.

Nikamsikia Mwanasha akivuta kiti cha dukani, akakaa.

"Unadhani mimi sikiogopi?" akasema. "Nilikuwa najiambia, nikifika nikakukuta wewe umeshazoea, na mimi nitazoea."

"Sijazoea."

"Basi kwa nini tumekaa humo?"

Nikaitazama saa ya ukutani; dakika zilikuwa zinakwisha.

"Sisafiri Ijumaa, Baba Saumu," akasema. "Mvua ikiisha, unijulishe."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeshika mkono wa simu mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniomba radhi ili apige yake.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Bi Hadija, mwenye nyumba, akichambua mchele uani. Nilikaa karibu naye nikamwambia yote bila kuzungusha. Akaweka ungo chini.

"Mbona hukusema, mwanangu? Mimi nikidhani mnakipenda kile chumba kwa ajili ya marehemu, ndiyo maana sikuwahi kuwagusia." Akanionyesha kwa kidevu. "Kile cha mbele kinapata jua la asubuhi. Aliyemo anahama mwisho wa mwezi. Chukueni."

Karibu miaka miwili nimelala pale, na ilikuwa ni kusema tu.

Saa moja jioni redio ya Bi Hadija imesoma maneno niliyoyapiga chapa asubuhi. Kutoka Lamu hadi Vanga. Watu wa nyumba hii, wengi wao wa bara, hawakuinua hata kichwa. Mimi nilisimama mlangoni mpaka msomaji akamaliza.

Siwezi kwenda, barabara ni ileile. Siwezi kuwaleta. Kwa siku saba au nane sina la kufanya isipokuwa kungoja, na najua kwamba wangekuwa hapa tangu Machi, salama, kama ningefungua mdomo.

Ijumaa, baada ya sala, nitakwenda makaburini Kariokor. Sijafika tangu siku ile tulipomzika. Sijui kama nitalitambua kaburi. Nitamwuliza mlinzi anionyeshe, nitakaa kidogo, na nitamwambia Saumu kwamba ana mdogo wake.