Ukiuimba, Umeahidi Maji

Isiolo,
8 Agosti 1966

Mutuma wangu, mume wangu wa wiki tisa na siku mbili,

Nakusalimu kwa moyo wote, na ule mwingine ambao ni wako. Mimi ni mzima wa mwili, lakini kitanda kimekuwa kikubwa kama uwanja wa mpira. Kifua chako je? Unakunywa tangawizi kama nilivyokuagiza? Baridi ya Nairobi isije ikaniharibia hiyo sauti.

Jana nilienda dukani kwa Kinuthia, akaniita mbele ya watu wote: "Bibi Televisheni! Bwana yako amebaki kwenye mashindano au ameanguka?"

Nikamjibu: "Amebaki! Walianza ishirini, sasa ni wanane!"

"Na wewe umemwona wapi? Kwenye birika?"

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga sukari. Nami nilicheka, mpenzi, ingawa nilikaribia kulia. Nchi nzima ina mashindano ya kuimba kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, mume wangu yumo, na mimi sioni kitu, maana huku Isiolo haifiki!

Sasa, uliniuliza ni wimbo gani ule jirani yetu Dokata huimba nyuma ya ukuta wetu akifua. Nilimwuliza. Ni wimbo wa kisimani, wa ukoo wa mume wake. Wanaume husimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine, wakipitishiana ndoo, wakiimba. Ng'ombe wakisikia ule mluzi wa mwanzo, wanakuja wenyewe. Kila ukoo na wimbo wake, na ng'ombe hajibu wimbo wa wengine. Unajua Yattani, mume wake, amewekwa na serikali, kwa sababu ya vita hivi, kwenye kile kijiji cha ulinzi kule Kulamawe, hatoki bila kibali. Kilichobaki kwa Dokata ni wale ng'ombe kumi na mmoja ambao shemeji yake anawaficha porini upande wa Leparua, askari wasiwachukue.

Aliniimbia polepole mara tatu, nikaandika kwa do-re-mi tulizofundishwa shuleni. Alishangaa kuona wimbo umelala kwenye karatasi! Kisha akanishika mkono. "Kajuju, kwetu ukiuimba huu, umeahidi maji. Usiuimbe mahali hakuna maji." Nikamwapia kwa Biblia.

Kwa hiyo nakutumia karatasi hii iwe siri yetu wawili. Uimbe chumbani mwako peke yako, mbele ya beseni lako la kunawia, ujue mimi naimba saa ileile. Kwa waamuzi, wanaotaka wimbo wa nyumbani, imba ule wa harusi yetu walioimba shangazi zangu. Hakuna atakayekushinda.

Nakubusu macho yote mawili.

Mke wako,
Kajuju


Nairobi,
22 Agosti 1966

Mke wangu mpenzi Kajuju,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo, kifua kimepona, tangawizi nakunywa. Natumaini na wewe hujambo, na kwamba umekaa, maana ukiwa umesimama utaanguka.

Nimeuimba! Jumamosi, mbele ya taa na mashine zao zote. Nilikuwa nimejiandaa na ule wa harusi yetu, kweli kabisa, lakini mtu aliyenitangulia aliimba wa harusi, na aliyemtangulia vilevile. Waamuzi walikuwa wanapiga miayo. Nikasimama pale, karatasi yako iko mfukoni, nikapiga ule mluzi. Kajuju, ukumbi ulinyamaza! Mwamuzi mmoja mzee alivua miwani.

Mtangazaji aliniuliza wimbo umetoka wapi. Nikasema nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mke wangu. Ilinitoka tu. Wanawake walipiga makofi mpaka basi. Sasa tumebaki watano, na wameshaurekodi kwenye santuri. Fainali ni tarehe 24 Septemba. Zawadi ya mshindi ni televisheni yenyewe, ya mbao nyekundu, na miguu yake minne. Nitaileta nyumbani kwako, malkia wangu.

Mumeo,
Mutuma


Isiolo,
29 Agosti 1966

Mutuma,

Mimi ni mzima. Nauliza afya yako kwa sababu mama yangu alinifundisha adabu.

Umeutunga mwenyewe? Wewe? Wewe ambaye hujui ng'ombe anafungwa upande gani? Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali umeandika "nisamehe", nikakuta "malkia". Sitaki umalkia. Nilikupa kitu kimoja ambacho si changu, nikakuomba kitu kimoja tu, na ulipoona mtu mzee anapiga miayo ukakitoa mfukoni kama peremende.

Unajua nilivyokuwa najisifu hapa? Kila msichana anayekuja kuteka maji nilikuwa namwambia, mume wangu ni mtu wa neno lake. Nilikuwa nawachosha watu! Elizabeth wa posta aliniambia niache, la sivyo atanipigia muhuri mdomoni.

Nilienda kumwambia Dokata mwenyewe, sikungoja asikie kwa wengine. Alikuwa anaanika nguo. Alikung'uta shuka, kisha akauliza: "Alipomaliza kuimba, aliwapa nini?"

Nikasema, "Aliwapa nani?"

"Waliokuja."

Nikamwambia hakukuwa na ng'ombe, ni watu tu, ni televisheni. Akasema, "Basi Mungu ametuhurumia, hakuna ng'ombe aliyesikia." Akaendelea kuanika. Afadhali angenipiga.

Sikiliza. Ile santuri uizuie. Nenda kesho, uwaambie si wimbo wako, waivunje. Imba wimbo mwingine kwenye fainali. Ukishindwa na wimbo wako mwenyewe nitakupokea kama mfalme, nitaosha miguu yako kwa mikono hii. Ukishinda na huu, sijui nitakupokea vipi.

Bado ni mke wako,
Kajuju


Nairobi,
5 Septemba 1966

Mke wangu Kajuju,

Salamu. Mimi mzima, barua yako imefika.

Hasira ya nini? Mimi niko huku nikilala kwenye benchi kwa rafiki ili jina letu lijulikane, na wewe unanitukana kwa ajili ya mluzi wa ng'ombe. Wimbo haupungui ukiimbwa. Dokata bado anao, sikumnyang'anya kitu. Santuri siwezi kuizuia, nimeshatia sahihi. Tena kuna jambo la fahari nilitaka kukushangaza nalo: watu wa magari ya matangazo ya serikali wamechukua nakala. Watauweka kwenye vipaza sauti wakizunguka huko kwetu kuwatangazia watu amani. Mtanisikia hapo hapo Isiolo bila televisheni! Nilidhani utaruka kwa furaha.

Tafadhali nitumie lile shati jeupe. Tumebaki watatu.

Mumeo anayekupenda,
Mutuma


Isiolo,
Jumapili, 18 Septemba 1966

Mutuma,

Kama u mzima, kaa chini usome. Barua hii anakuletea Ntongai kwa mkono, kwa gari lake la miraa, kwa sababu posta itachelewa na mimi sina siku za kuchelewa.

Tumekusikia. Ijumaa gari lilipita, likaenda polepole barabara ya Leparua, sauti yako imejaa angani. Nitakwambia ukweli wangu wote: moyo wangu uliruka. Nilikuwa naosha sufuria, nikasimama na mikono inachuruzika maji, nikasema huyo ni wangu. Niliona aibu baadaye, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Saa kumi hivi gari likarudi. Nyuma yake kulikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi ng'ombe kumi na mmoja, wanafuata kwa mwendo wa taratibu, hawaswagwi na mtu. Mbele yao alikuwa mmoja mwekundu aliyevunjika pembe. Shemeji yake Dokata alikuwa anakimbia nyuma, analia, anawaita kwa majina, na hawakugeuka. Walilifuata gari mpaka kwenye zizi la serikali, likasimama, wakasimama. Dereva alikuwa anacheka. Askari walifungua tu lango.

Sheria unaijua: mnyama akikutwa nje ya mpaka anachukuliwa. Mnada ni Jumatatu ijayo, tarehe 26.

Dokata alienda kwa afisa wa zizi, nami nilikuwa naye. Akamweleza kwamba hawakutolewa na mchungaji, waliitwa. Afisa alicheka sana. "Mama, ng'ombe anajua wimbo?" Dokata akamwambia, "Hawa wangu wanajua." Akataka kuimba pale pale, afisa akamzuia. "Wewe watakuja hata ukikohoa, ni wako. Na huyu ni jirani yako, wamezoea harufu yake. Niletee huyo mwimbaji wa kwenye gari. Ng'ombe hawajawahi kumwona. Akisimama hapa akaimba na wakamjia, nitaamini waliitwa, na utawachukua wote. Lakini kabla ya mnada."

Aliyasema hayo mbele ya karani na askari wawili, na karani aliyaandika. Kwa hiyo njia ipo, Mutuma. Njia ni wewe.

Ntongai anaondoka Nairobi kurudi Ijumaa asubuhi. Panda naye. Najua fainali ni Jumamosi. Najua vizuri kabisa, nimeihesabu tangu Agosti! Siombi kama mke, maana kama mke nimekasirika mpaka meno yananiuma. Nakwambia tu: watu huko watakusikiliza na wataenda nyumbani kwao kula. Hapa kuna kumi na mmoja walitembea toka Leparua kwa sababu yako.

Dokata hajasema neno baya juu yako. Ananiuliza tu kila asubuhi, "Anakuja?" Nami nasema ndiyo. Usinifanye mwongo mara ya pili.

Ukishuka tu kwenye gari la Ntongai nitasahau kila kitu. Nitapika. Nitavaa lile gauni la buluu. Njoo.

Mke wako,
Kajuju


SIMU YA MAANDISHI
NAIROBI, 26 SEPTEMBA 1966

BARUA NILIPATA ALHAMISI. NIMESHINDA. NAJA IJUMAA NA TELEVISHENI. TUTAMNUNULIA DOKATA NG'OMBE WENGINE. USIKASIRIKE. MUMEO


Isiolo,
27 Septemba 1966

Mutuma,

Simu yako imefika. Elizabeth aliileta mwenyewe, hakutaka kunitazama usoni.

Hongera. Kinuthia alisikia kwa redio, akatangaza dukani, na watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani tangu Ijumaa. Ntongai aliposhuka peke yake alivua kofia kama mtu anayeleta habari ya msiba. Akasema, "Nilimpigia honi mara tatu." Shati lako jeupe lilikuwa limefuliwa vizuri, alisema. Ulimpungia mkono.

Asubuhi ya jana, kabla ya mnada, tulienda zizini, mimi na Dokata na Kaltuma, mama mkwe wake, ambaye hawezi hata kunyooka. Tulibeba maji vichwani kutoka bombani, safari saba. Askari mmoja alitufungulia bila kuombwa. Nilisimama kwenye ua nikaimba. Mimi, Mutuma, kwa do-re-mi zangu za shuleni. Walikuja. Walisimama mstari mmoja kwenye miti ya ua, na afisa aliona kwa macho yake. Akasema, "Nilisema mwimbaji, si jirani." Akaangalia saa.

Nikamwuliza Dokata kwa nini tunawapa maji watu wanaokwenda kuchinjwa. Nilisema "watu", hivyo hivyo. Akaniambia, "Kwa sababu waliambiwa yapo." Akaendelea kumimina.

Usimnunulie wengine. Wengine hawajui wimbo, na wewe hutawafundisha.

Televisheni hapa haionyeshi kitu, unajua. Ukiileta Ijumaa, iweke mezani, kaa mbele yake, mlango nitauacha wazi. Mimi nitakuwa ng'ambo ya ukuta kwa Dokata, nikifua. Ukitaka kuja kwetu, kuna ndoo mbili hapo mlangoni, na bomba unalijua. Ujaze kwanza. Ukija mikono mitupu usibishe hodi.

Kumi walikunywa. Yule mwekundu hakunywa. Dokata alimwekea maji mpaka puani, akamwita, akamkuna shingo, hakuinamisha kichwa. Alikuwa ametazama barabarani, masikio mbele, upande ule gari lilikoondoka. Walimpandisha lori hivyohivyo na kiu yake, anasikiliza kama unarudi.

Dada wa Dokata,
Kajuju