Ukuti wa Nzumari Katika Jumba la Mfalme

Jumatano, 6 Oktoba 1965
Nimesali, nimenyoa ndevu, nimefunga tai. Baridi kali. Chai yao haina tangawizi. Tumelazwa katika jumba la mfalme wa kale, hapa Ujerumani: wapiga sengenya, ngoma ya Wadigo, kutoka Msambweni, na mimi, mwalimu mstaafu, mkalimani wao. Bibi mtunzaji alitutembeza. Darini malaika wanono, dhahabu kila pembe. Kupita kiasi. Makabatini mna ala za muziki za kale. Bakari, mpiga nzumari wetu, aligoma kuondoka mbele ya zumari za Kizungu. Aliniomba niulize kama hupigwa. Hazipigwi. Alizihurumia.

Jumamosi tunapiga mbele ya wageni wao.

Alhamisi, 7 Oktoba
Balaa. Nyumbani Bakari hukausha juu ya meko vipande vya ukuti wa mvumo anavyotia kwenye nzumari ili kuipuliza. Hapa aliona chuma cha joto ukutani, akakifanya meko, akavipanga vyote juu yake usiku kucha. Vimepasuka vyote. Nzumari ni bubu. Nilimkaripia vikali. Akasema, "Mwalimu, bila nzumari ngoma zetu zitasikika kama watu wanaotwanga mahindi."

Ni kweli. Nimekasirika zaidi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Bakari hajala tangu jana. Baada ya sala, Bibi alitupeleka bustanini, katika nyumba ya vioo. Joto la kwetu. Na ndani ya pipa, mti wa mvumo, wenye kuti kama za kwetu! Bakari aliushika kama anayeamkia jamaa. Nikaeleza shida yetu. Bibi alisema mti huo ni mkongwe, hauguswi. Nikamwomba kwa adabu zote nilizo nazo. Alitazama mlango, akatoa mkasi.

"Ukuti mmoja tu," akasema. "Upande wa nyuma."

Jumamosi, 9 Oktoba
Bakari alikata na kufunga ukuti tangu alfajiri. Mlio wa kwanza ulikuwa wa bata. Wenzake wakamuuliza amemfuga lini. Jioni nzumari ililia sawasawa, ukumbi mzima. Wageni wenye suti nyeusi walitikisa mabega. Mimi pia, kidogo. Nimefurahi mno.

Jumapili, 10 Oktoba
Tunafunga mizigo. Bibi aliomba kipande kimoja cha ukuti akiweke kabatini, pamoja na zumari zao. Bakari alikubali kwa sharti: mtu akilowanishe mdomoni na kukipuliza mara kwa mara, la sivyo kitakufa. Nilitafsiri neno kwa neno. Bibi alicheka, kisha akaacha kucheka, akaahidi.

Nadhani atakipuliza.