Beseni, Gidamis na Ndama

Jumatatu, 7 Oktoba
Beseni, vikombe vya plastiki, chujio, magunzi mawili. Watoto wanne uani kwangu mpaka mama zao watoke shambani. Maji hayafiki nusu, nami sibanduki. Gidamis, mjukuu wa jirani yangu Bibi Udamaga, bado anaogopa maji. Ana miaka miwili, na akiogeshwa hulia mpaka pumzi inakwama. Leo alisogea hatua tatu. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Saa sita maji hayohayo ya beseni nikampelekea ndama wa Bibi, kama kawaida. Punda wa Bibi ndiye anayetuletea madumu ya maji. Sisi tunacheza, ndama anakunywa. Kiangazi hiki hapa kijijini Gendabi hakuna anayemwaga maji.

Jumatano, 9 Oktoba
Gidamis ameingiza kidole! Nusura nipige vigelegele. Nikajizuia, nisimshtue.

Nikataka kuongeza raha. Sabuni ya unga kidogo, povu likajaa. Akalipuliza, akacheka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mjinga mimi. Jana nilimimina maji ya povu horini bila kufikiri. Mkono umezoea. Ndama anaharisha tangu alfajiri.

Bibi alikuja, hakupaza sauti. "Mwalimu, hata yule ndama ni mtoto wangu." Akambeba Gidamis, wakaondoka.

Ijumaa, 11 Oktoba
Punda hakuja. Beseni kavu. Watoto wanagonga vikombe, kichwa kinaniuma. Silii maji. Ninachoogopa ni kwamba Gidamis atarudi kule kwenye kulia, na kosa ni langu.

Jioni nilikwenda. Shikamoo yangu ilipata marahaba fupi. Nikasema yote: sabuni, haraka yangu, aibu yangu. Ndama amesimama, anakula kidogo. Bibi akaendelea kumkatia majani. Nikarudi.

Jumatatu, 14 Oktoba
Punda amekuja kabla sijafagia. Nyuma yake Bibi, Gidamis mgongoni, ndama kwenye kamba.

Nikajaza beseni. Bibi akachota kwa kiganja, akaonja, akameza. Ndipo akalegeza kamba. Ndama akanywa palepale, watoto wamemzunguka. Gidamis akahangaika mgongoni mpaka akashushwa. Akatumbukiza mikono yote miwili, karibu kabisa na pua ya ndama. Hakulia.

Bibi akaomba kigoda. Akakaa nasi mpaka maji yakaisha.