Taa ya Warumi Niliyoing'arisha

Madinat Sultan Qaboos, Muscat
Idi, siku ya tatu

Dada yangu Agnes,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, ingawa sikusikii. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na mwanangu Neema, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu. Nakuandikia nimejifungia chumba cha kufulia.

Bwana wa nyumba hii, Daktari Khalfan, nilishakwambia anafundisha habari za Wagiriki na Warumi wa kale. Kabatini kwake sebuleni kuna taa ndogo ya mafuta, ya shaba, ya hao Warumi. Ina sura ya mtu aliyeachama, utambi unatokea mdomoni. Ilikuwa ya kijani tupu. Wageni wakija anaishika kama mtoto mchanga, anawaeleza jinsi ubani wa Omani ulivyofika mpaka Roma ukachomwa mbele ya miungu yao, na Wagiriki nao walivyoupenda. Mimi Warumi ninaowajua ni wale wa Pilato, kwa hiyo taa ile nilikuwa naifuta vumbi nikiangalia pembeni.

Basi, Idi ilipokaribia, bwana akiwa safarini Misri, mama yake, Bi Salma, bibi wa Kiunguja ambaye ndiye ninayemtunza, akaniambia, "Rosta, shaba yote ya nyumba hii nnataka ing'are." Nikang'arisha mabirika ya kahawa, sinia, na chetezo cha ubani. Nikasugua kwa ndimu na jivu, kama tulivyokuwa tukisugua vinara vya altare kule kigangoni. Taa nayo si ni shaba? Nikaisugua. Kijani kikatoka chote, macho ya yule mtu yakatokeza yakanitazama. Nikajiona fundi kweli kweli.

Bi Salma alipoiona alishika kifua. "Yaa Rabbi! Umeitenda nini? Kile kijani ndo umri wake! Khalfan kaniambia mie asiiguse mtu. Sasa hii na za dukani Mutrah zina khitilafu gani?"

Dada, nikajua nimekwisha. Pasipoti yangu imo kwenye saraka ya bwana. Likizo ya kuja kwenye komunyo ya kwanza ya Neema alikuwa ameshanikubalia. Na msichana wa nyumba ya jirani alivunja chombo tu, akapelekwa uwanja wa ndege na nguo alizovaa.

Bwana akarudi sikukuu yenyewe. Nilikuwa namimina kahawa. Akafika kabatini, akaitoa taa.

"Nani kafanya hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, Bi Salma akasema, "Mie. Nimeiona chafu, nimeisugua. Wataka kunipiga?"

Bwana akainama, akambusu mama yake kichwani. Machozi yalimlenga.

Nikawashukuru watakatifu wote ninaowajua. Lakini jana, nikimkanda miguu, Bi Salma alinishika mkono. "Rosta mwanangu, hiyo likizo yako iwache. Nani atanitazama mie? Nami yako nimekusitiria." Alisema kwa upole, anatabasamu, na hilo limenitisha kuliko kufokewa. Na mwakani je, si atanishika kwa neno lile lile? Tena siku hizi anasahausahau. Anaweza akayatoboa mwenyewe mezani, nami nionekane mwongo juu ya mharibifu.

Nimeamua. Kesho nikimpelekea bwana kahawa, nitamwambia ni mimi. Naogopa, dada. Niombeeni.

Msalimie shemeji, na baba katekista anayemfundisha Neema, na mama mkubwa wa Korogwe. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu sijambo.

Gauni jeupe la Neema lipeleke kwa fundi. Bwana akinisamehe, nakuja. Akinifukuza, nakuja vilevile, mikono mitupu. Nikifika kabla ya barua hii, tutaisoma pamoja. Utasoma wewe, mimi sitaweza.

Mdogo wako,
Rosta