Nilivyomfufua Dale

Burbank, Jumatatu

Dada Lorraine,

Watu wengi hudhani filamu ya pili huharibiwa na tamaa ya watayarishaji. Huharibika mwandishi anaponyamaza kikaoni. Yule askari wa zimamoto aliyekufa katika filamu yangu ya kwanza nilimwandika kwa mfano wa Dale, marehemu mumeo.

“Mzee Walt, watu wanampenda, mfufue bwana,” watayarishaji waliniambia. “Kwani ulimzika wewe?”

Wakacheka. Mimi niliyebeba jeneza lake nikacheka pia, kisha nikaandika kwamba hakufa motoni, alitoroka na mwanamke mwingine.

Mlimau wangu umezaa sana mwaka huu.

Filamu inatoka Ijumaa. Peggy ameniandikia kwamba amekata tiketi, akamwone tena baba yake. Nimeshindwa kumjibu. Dada, msomee mwanao barua hii leo.

Kaka yako,
Walter