Kadi za Namba Kumi na Saba

Tabora Mjini,
9 Machi 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote nauliza kifua chako. Dada yangu Flavia aliniandikia kwamba kikohozi hakijakuacha tangu mvua zianze. Sijui kama dawa niliyompa dereva wa lori ilikufikia au ilinywewa njiani. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Kanisani huwa unawaambia watu kuwa mwanao ni karani. Ni kweli, ila ni karani wa kadi. Tunatoboa matundu kwenye kadi ngumu, tunazipanga katika makasha, treni inazipeleka Dar es Salaam na kompyuta inazisoma. Mwaka jana tulipewa kazi ya kupanga kaya katika vijiji vya ujamaa. Kasha moja lilikuwa la kaya, la pili la vijiji. Taabu ilikuwa hii: kompyuta haikupokea kaya isiyo na namba ya kijiji, wala haikukipa kijiji namba kabla ya kusoma kaya zake. Kila kasha likawa linalingoja lenzake. Mara tatu makasha yakarudi Tabora vilevile, na mkubwa wangu, Bwana Humaidi, akawa haongei na mtu.

Ndiye aliyepata njia. Alisema tuzitoe namba katika makasha yote mawili, tuziweke katika kasha la tatu, dogo, lisilotegemea jingine. Hilo lisomwe kwanza, kisha yale mawili yachukue humo. Ni akili nzuri, Baba, na ndiyo tunayoitumia hadi leo. Lakini ilitaka majuma matatu ya kutoboa upya, na Dar es Salaam waliitaka kazi Ijumaa.

Sasa nimefika ninapopaogopa. Bwana Humaidi alikuwa amekwenda Kigoma kuzika. Nikachukua kadi za kaya arobaini za kwetu Kigwa, ambazo hazikuwa na namba, nikazitoboa kumi na saba, namba ya kijiji cha Isalalo, ili mashine izipokee tu. Nilikusudia kuzibadilisha baadaye. Mashine ikazipokea. Nikaitwa Dar es Salaam kupongezwa, na wakati nakula wali wao, orodha zilichapwa, malori yakafuata orodha yakawahamishia Isalalo. Kadi yako ilikuwa mojawapo. Niliitoboa mwenyewe, huku jina lako nikiliona.

Kwa hiyo aliyewapeleka huko si Mzee Mahona. Yeye, kama balozi wenu wa nyumba kumi, alipewa orodha awasomee, akawasomea, na jina lake mwenyewe likiwemo. Mwaka mzima umemnyima mkono wako, ukiamini aliwauza kwa wakubwa mkapelekwa kwenye nchi isiyo na maji.

Naye anajua, Baba. Mwezi uleule mliohamishwa alikuja ofisini kulalamika. Nilimwonyesha kadi, nikamweleza, nikalia mbele yake. Aliniuliza kama inarekebishika. Nikamjibu kwamba nyumba za Kigwa zimekwisha bomolewa. Akasema kwamba una mtoto mmoja tu wa kiume, na kwamba yeye lawama za watu amezizoea, basi tuyaache hapo. Nikakubali. Hilo linanichoma kuliko hata kadi zenyewe, maana kadi nilizitoboa kwa haraka, lakini kunyamaza nimenyamaza kila siku.

Jana nilimpa Bwana Humaidi maelezo yote kwa maandishi. Huenda nikafukuzwa. Jumamosi nitakuja huko, na ukinifungia mlango sitanung'unika.

Nisalimie Flavia, mwambie asibebe ndoo mbili kwa safari moja, mgongo ni wake. Nisalimie mchungaji na wote wanaoniulizia.

Na Mzee Mahona mfikishie shikamoo yangu. Hiyo usimtume Flavia. Nakuomba uipeleke mwenyewe, mpaka mlangoni kwake.

Mimi mwanao,
Justus